Maswali ya Wasomaji: Batman Asiye na Mali, Superman Aliyekufa na Kurudi

Juma hili barua nyingi zilizotufikia zinahusu vitabu vya katuni vya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Tumechagua nne, zote kutoka mikoa ya Kigoma na Tabora.

SWALI: Shikamoo mhariri. Kila Jumatano matoleo mapya yanapotoka Marekani, sisi vijana wa mtaa mmoja hapa Ujiji huchanga fedha za bando, tukasoma kwa zamu na kubishana mpaka usiku. Ubishi mkubwa sasa ni juu ya Absolute Batman, mfululizo mpya unaomsimulia Batman upya akiwa hana mali. Rafiki yangu anashikilia kwamba Batman asiye na utajiri si Batman, bali ni mtu mwingine aliyevalishwa mavazi yake. Mimi nampenda huyu mpya kuliko wa zamani, lakini hoja zimeniishia. Nani kati yetu ana haki?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi niko upande wako, ingawa hoja ya rafiki yako haistahili kupuuzwa. Batman alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1939 katika toleo la 27 la Detective Comics, kazi ya Bob Kane na Bill Finger, na tangu siku hiyo Bruce Wayne, ambalo ndilo jina halisi la Batman, alikuwa kijana wa tabaka la juu asiye na shida ya fedha. Hata hivyo, sababu ya kuvaa kinyago haikuelezwa hadi toleo la 33, mwishoni mwa mwaka huohuo, tulipoonyeshwa mtoto akishuhudia wazazi wake wakiuawa barabarani. Mali ndiyo iliyotangulia kuchapishwa, lakini lile jeraha ndilo lililoibeba hadithi kwa miaka yote iliyofuata, na mwandishi anayeliacha jeraha mahali pake anaweza kuigusa mali bila kumvunja mhusika.

Hivyo ndivyo walivyofanya mwandishi Scott Snyder na mchoraji Nick Dragotta tangu toleo lao la kwanza la Oktoba 2024. Bruce wao ni mhandisi wa kawaida, baba yake alikuwa mwalimu, na baba huyo aliuawa katika bustani ya wanyama wakati wa safari ya wanafunzi. Mama yake, Martha, yu hai. Kwa maoni yangu, jambo hili la mama ndilo badiliko kubwa kuliko lile la fedha. Bruce wa zamani alikuwa na jumba kubwa na mtumishi mwaminifu, lakini hakuwa na mzazi wa kumuuliza usiku ule alikuwa wapi. Huyu anaye, na kila anapoingia hatarini msomaji anajua kwamba kuna mjane mmoja ambaye huenda akazika mara ya pili. Alfred naye si mtumishi tena, bali ni jasusi anayemchunguza, kwa hiyo hata ule msaada tuliouzoea inabidi upatikane upya, hatua kwa hatua, na kwa mashaka.

Mweleze pia rafiki yako aitazame michoro badala ya kufuata matukio peke yake. Dragotta amemchora Batman mwenye mwili mpana kiasi kwamba visanduku vya picha vinaonekana kumbana, na alama ya popo kifuani mwake hubanduliwa ikawa kichwa cha shoka. Mtu asiye na magari ya kifahari wala mitambo ya mamilioni hugeuza kila alichovaa kuwa silaha, na jambo hilo halihitaji sentensi hata moja ya maelezo kwa sababu mchoro umekwisha kulisema. Huo ndio umaskini ulioingizwa katika umbo la shujaa mwenyewe, na ndiyo hoja yangu kubwa dhidi ya wanaosema kwamba mavazi tu ndiyo yaliyobaki.

Lawama ninayo, na nitaisema waziwazi. Marafiki wa utotoni wa Bruce katika mfululizo huu wana majina ya watu waliokuja kuwa maadui zake katika vitabu vya zamani: Oswald Cobblepot, Harvey Dent, Edward Nygma na Waylon Jones. Msomaji mzoefu anapowaona wakicheka pamoja huingiwa na hofu ya yatakayokuja, na hofu hiyo ni tamu. Lakini kijana anayeanza leo haoni chochote zaidi ya marafiki wanne, na waandishi hawajamsaidia vya kutosha. Aidha, ukatili wa baadhi ya kurasa umezidi mahitaji ya hadithi, na ningependa mtoto wa darasa la nne asubiri kwanza.

Kuhusu shujaa kubadilishwa, mkumbusheni rafiki yenu kwamba Superman wa mwaka 1938, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, hakuweza kuruka angani kama ndege. Alikuwa akidunda umbali mrefu na kutua. Katika hadithi yake ya kwanza anamkabili mume anayempiga mkewe, pamoja na wanasiasa waliooza kwa rushwa. Angelindwa asibadilike, tusingemjua huyu anayekata mawingu.

SWALI: Mhariri, mimi ni dada wa miaka 19. Niliazimwa mkusanyo wa zamani, yaani kitabu kimoja chenye matoleo kadhaa, wa kifo cha Superman, nikalia kweli. Kaka yangu akanicheka na kuniambia kwamba alirudi mwaka uliofuata. Je, nimelia bure?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Hapana, dada yangu, hukulia bure. Kaka yako amesema kweli kuhusu tarehe: toleo la 75 la Superman lilitoka Novemba 1992, na mwaka 1993 shujaa alikuwa amekwisha rejea. Lakini hakukueleza ni kwa nini kurasa zile zilikuumiza, na inaelekea hakuzitazama vizuri. Rudia mkusanyo huo, safari hii ukihesabu visanduku. Katika matoleo ya mwisho ya pambano na Doomsday, yule adui aliyemuua, toleo moja lina visanduku vinne kila ukurasa, linalofuata vitatu, kisha viwili, na lile la 75 limechorwa picha moja kila ukurasa, tangu mwanzo hadi mwisho. Kadiri kifo kinavyokaribia, ndivyo picha zinavyopanuka na muda unavyokuwa mzito, hata msomaji asiyejua lolote juu ya uchoraji akahisi kwamba njia za kuokoka zinafungwa moja baada ya nyingine. Uchungu wako ulijengwa na mikono yenye ustadi, na kurudi kwa Superman hakukuubomoa.

Nakubali kwamba wachapishaji wameitumia vibaya mbinu hii. Siku hizi shujaa akifa katika toleo la Jumatano, wasomaji huuliza tu atarudi mwezi gani, na mara nyingi wana haki, kwa maana mwandishi mwenyewe hakuonyesha kwamba wanaobaki wamepoteza kitu. Kipimo changu ni hao wanaobaki. Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, alipouawa mwaka 1973 katika toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, hakurudia kuwa kijana yuleyule, na ndiyo sababu kifo hicho bado kinazungumzwa hadi leo. Unaposoma kifo kipya wiki yoyote, ruka vurugu, nenda kwenye kurasa zinazofuata mazishi, kisha uamue.

SWALI: Katika simu yangu programu ya kusomea hunionyesha kisanduku kimoja kimoja. Ni sawa?
Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Si sawa kwa usomaji wa kwanza. Mchoraji hupanga ukurasa mzima kwa pamoja, akijua jicho lako litaona kwa mbali kidogo kile kinachokuja, na programu ikikata vipande inavuruga hesabu yake. Zile kurasa za Superman nilizozitaja hapo juu hupoteza karibu nguvu zake zote. Ilaze simu kwa upande kwa zile picha zinazochukua kurasa mbili, tazama ukurasa wote, ndipo ukuze maandishi.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu, na mdogo wangu hutumia fedha nyingi kununua matoleo haya. Kila ninapochungulia, naona hadithi imeishia njiani. Kwa nini zamani hadithi ilikamilika, na sasa haikamiliki? Tununue au tusubiri?
Msomaji, Urambo

JIBU: Umeligusa jambo linaloniudhi mimi mwenyewe, mwalimu. Action Comics toleo la 1, lile lililomleta Superman mwaka 1938, liliuzwa kwa senti 10 za Marekani, na hadithi ya Superman ndani yake ilikuwa na kurasa 13, ikisindikizwa na hadithi nyingine kadhaa. Spider-Man alipozaliwa mwaka 1962, katika toleo la 15 la Amazing Fantasy, Stan Lee na Steve Ditko walitumia kurasa 11 tu kumweleza mvulana mpweke, kuumwa na buibui, umaarufu, mwizi aliyeachwa apite, kifo cha Mjomba Ben aliyemlea na majuto yasiyokwisha. Leo toleo la kawaida huuzwa kati ya dola 4 na 5 kwa kurasa za hadithi zipatazo 20 au zaidi kidogo, na waandishi wengi hutunga wakifikiria mkusanyo wa matoleo matano au sita utakaokuja baadaye, hivyo toleo moja hugeuka kuwa kipande kilichokatwa popote.

Hata hivyo, mwendo wa polepole si kosa lenyewe. Ultimate Spider-Man, iliyoanza Januari 2024 kwa kalamu ya Jonathan Hickman na michoro ya Marco Checchetto, inamsimulia shujaa huyo upya na kumleta Peter akiwa mtu mzima, mume wa Mary Jane na baba wa watoto wawili. Mjomba Ben yu hai, na aliyefariki ni Shangazi May. Sehemu kubwa ya toleo la nne ni chakula cha jioni cha Peter na Mary Jane pamoja na rafiki yake Harry Osborn na Gwen, ambaye humu yu hai, na mimi nililisoma bila kutamani ngumi hata moja, kwa sababu mazungumzo yale yana mwanzo, yana joto, na yanamwacha kila aliyeketi mezani akiwa amebadilika kidogo. Hilo ni toleo lililokamilika ingawa hadithi kubwa iliendelea.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mdogo wako achague kitabu kimoja tu cha kufuatilia kila kinapotoka, kile ambacho kila toleo lake linaweza kusomwa peke yake likashibisha, na vingine avisubiri katika mkusanyo. Mkusanyo wa kwanza wa Absolute Batman una matoleo sita, na wa Ultimate Spider-Man vilevile. Mimi ningemwambia aanze na huo wa pili, na wewe mwalimu uusome baada yake.