Tairi ina kashata nzuri ila ni ya zamani: nibadilishe au niendelee nayo?

Mkuu, umesema tairi za Toyota IST yako zina kashata ya kutosha (ile raba yenye mifereji inayokanyaga barabara), zimeandikwa 1314, na unataka kushuka nazo Mbeya. Badilisha kabla ya safari. 1314 ni wiki ya 13 ya mwaka 2014, kwa hiyo zimeshapita miaka kumi. Hata watengenezaji wasio wakali wanasema ikifika kumi itolewe bila kujali kashata, na kuanzia mitano ikaguliwe kila mwaka.

Namba hizo nne ziko mwisho wa mstari unaoanza na DOT. Usipoziona upande wa nje, chungulia wa ndani, maana tairi nyingi huandikwa kamili upande mmoja tu.

Raba huzeeka hata gari likiwa limepaki, na jua la kwetu linaharakisha. Inakuwa ngumu, inateleza kwenye lami yenye maji, halafu inaanza kupasuka. Tanua mifereji kwa vidole uangalie chini kabisa: nyufa za hapo ni mbaya kuliko zile nyembamba za juu juu ubavuni. Ukiona nyuzi au waya, au ubavu umetoa nundu, usiondoke nayo hata mtaani. Nundu maana yake nyuzi za ndani zimeshakatika, mara nyingi baada ya kuingia shimo kwa kasi.

Kwa kashata, ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya raba. Herufi TWI, alama ya kikomo cha kashata, ziko begani, pale kashata inapokutana na ubavu, na zinakuonyesha vilipo. Kashata ikilingana navyo imebaki milimita 1.6, hapo imekwisha. Mimi nisingesubiri huko msimu wa masika. Kwenye milimita 3 maji tayari yanaanza kuishinda.

Ukinunua mtumba, jihadhari na tairi zilizochongwa. Tairi kipara hukatwa mifereji mipya kwa kisu cha moto ionekane nzima. Kagua vile vituta: vikiwa vimekatwa au havipo, iache hapo hapo.

Kabla ya kufunga mpya, soma zile za zamani zimelikaje. Katikati pekee, upepo ulizidi. Mabega yote mawili, ulipungua, na tairi yenye upepo mdogo ndiyo hupata moto na kupasuka safari ndefu. Upande mmoja, alaimenti imeharibika au boljointi imechoka. Mabonde mabonde, angalia shokapu. Usiporekebisha chanzo, mpya nazo zitaliwa vilevile.

Hela ikitosha mbili tu, funga nyuma, hata kama gari linavuta mbele. Fundi atabisha. Nyuma ikiteleza gari linazunguka, na kulirudisha ni kazi kuliko mbele ikiteleza. Kwa Subaru yenye AWD, yaani inayovuta magurudumu yote manne, hesabu zote nne, la sivyo tofauti ya mzunguko inaumiza difu ya kati. Vali za raba zibadilishwe hapo hapo, upepo upimwe tairi zikiwa baridi kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva, na nati zikazwe tena baada ya kilomita kama 50 hivi.

Spea nayo isomwe namba, mara nyingi ina umri sawa na gari. Kama ni ile nyembamba, inataka psi 60 na usizidishe kilomita 80 kwa saa.