Mgonjwa "anapigana" na mashine ya kupumulia: nifanyeje?

Mdogo wangu, unasema mgonjwa wako, bibi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) hapo Dodoma, aliyechakaza mapafu kwa moshi wa kuni, anajaribu kuvuta pumzi mara 30 kwa dakika, mashine inahesabu 18, na mwenzako wa zamu anataka kumwongezea dawa ya usingizi. Mzuie kwanza.

Hizo 12 zinazopotea ndizo habari yenyewe. Bibi anaomba, mashine haimsikii. Mapafu ya namna hii hutoa hewa polepole. Pumzi mpya inaanza ya zamani haijaisha kutoka, presha inabaki ndani, naye lazima aishinde kabla mashine haijahisi kitu. Wengi hukimbilia kuongeza msaada, yaani presha ambayo mashine huongeza kwenye kila pumzi anayoivuta, na hapo ndipo wanapoharibu: pumzi inakuwa kubwa zaidi, inachelewa zaidi kutoka. Mimi, daktari akiridhia, ningepunguza presha hiyo ya msaada sentimita mbili mbili za maji (cmH2O). Lenga pumzi ya mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito unaokokotolewa kwa urefu wake, si wa mizani.

Akianza kukaza misuli ya shingo, kutokwa jasho au kutanua pua, umezidisha kupunguza, rudisha.

Kagua na mipira ya kupitishia hewa ya mashine pia. Asubuhi za Juni kwetu ni baridi, maji hujikusanya humo na mashine hutoa pumzi ambazo hakuna aliyeziomba.

Baada ya nusu saa weka kiganja tumboni, hesabu dakika nzima, andika namba zote mbili kwenye chati: pumzi anazojaribu na zile mashine inazohesabu.