Jibu: Kutafsiri dodoso la Parkinson, je, mtu mmoja anatosha?

Dada, umeuliza kama tafsiri yako ya ROMP, lile dodoso la kusema, kumeza na mate kwa wagonjwa wa Parkinson lililotoka Radboud, Nijmegen, Uholanzi, inaweza kwenda moja kwa moja kwa wagonjwa kwa kuwa Kiswahili umezaliwa nacho. Bado. Tafuta mwenzako atafsiri bila kuiona yako, mkae mlinganishe, kisha mtu asiyewahi kuliona la asili airudishe kwenye lugha mliyoanzia. Makosa mengi hujitokeza hapo.

Ila jasho lenyewe liko kwenye maneno. Ukiandika "matatizo ya kumeza", mzee atakujibu hana, maana ugali unashuka. Muulize kama hupaliwa akinywa maji au chai, utasikia mengine. Mate nayo: yanayojaa mdomoni ni mate, yanayochuruzika hadi kwenye mto ni udenda. Maswali 9 kati ya 23 yako huko, kwa hiyo usiyachanganye. "Mara kwa mara" nisingeiamini hata kidogo. Kwa mmoja ni kila siku, kwa mwingine ni mara mojamoja.

Wasomee wagonjwa kama 30, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoelewa. (Mke akijibu kwa niaba ya mumewe, mzuie kwa upole, ingawa mara nyingi ndiye anayeujua ukweli.) Takwimu zije baadaye: alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi maswali yanavyokubaliana) isipungue 0.70, na walewale wajibu tena baada ya wiki 2 hivi, dawa zikiwa zilezile na saa zilezile tangu kuzimeza.