Anti, baba anasema nikang'oe meno Morogoro

SWALI: Shikamoo Anti. Mi nipo Houston na familia yangu, nasoma baiolojia, mwaka wa pili ndo unaisha, na nataka udaktari wa meno toka nikiwa mdogo. Sasa mshauri wa chuo kaniambia kabla sijaomba niwe na masaa ya kujitolea na masaa ya shadoing, yaani kukaa na daktari unamwangalia anavyofanya kazi. Wenzangu baba zao ndo madaktari wenyewe, wanajaza masaa bila jasho. Mi baba anaendesha Uber na mama anahudumia wazee, hatumjui mtu. Nimetuma imeili kliniki kibao kimya, moja ndo ilijibu ikasema sera hairuhusu. Wikiendi usiku napanga mizigo kwenye bohari kwa hiyo muda wenyewe ni wa kuiba. Baba anasema nisijisumbue, nipande ndege likizo niende kwa baba mdogo Morogoro ana kliniki ya meno, na baba mdogo kashaahidi atanipa koleo ning'oe mwenyewe nirudi huku na uzoefu wa kuwazidi wote. Niende? – Binti wa Houston

JIBU: Marahaba mwanangu. Nauli ikipatikana nenda, ukamsalimie baba mdogo na ukae kliniki kwake asubuhi mpaka jioni. Ila koleo usiliguse.

Najua baba mdogo anakupenda na kwake hiyo ni zawadi, lakini Tanzania nayo ina sheria, mtu anayetibu meno ya watu awe amesoma na amesajiliwa, kuwa mtoto wa kaka yake daktari sio usajili. Yule mama aliyetoka Mvomero na jino limemkesha usiku mzima kaja kutafuta daktari, hajaja kufundishia mwanafunzi wa baiolojia, na hata akikubali atakuwa amekubali kwa sababu kakuona umevaa koti jeupe na unatoka Marekani. Taya likivunjika au damu ikikataa kukata we utakuwa na tiketi ya kurudi, yeye atabaki na hilo taya.

Afu huko unakotaka kuomba wanalijua hili siku nyingi. ADEA, ule umoja wa shule za meno Marekani, wana mwongozo kabisa kuhusu wanafunzi wanaoenda nchi za nje kutibu watu kabla hawajaanza hata shule. Ukiandika kwenye maombi yako kwamba uling'oa meno Morogoro, unafikiri watasema huyu jasiri, kumbe wanasoma kwamba huyu akipata nafasi ya kuvuka mpaka anavuka. Unaweza kukataliwa kwa kitu ulichokifanya ili ukubaliwe. Mweleze baba hivyo hivyo, na baba mdogo mwambie chuo kimekataza, hatanuna.

Sasa uangalie nini huko, maana kukaa kwenye kona na simu sio shadoing. Angalia wagonjwa wangapi wanakuja jino limeshaoza mpaka mzizi, na muulize baba mdogo kwa nini anang'oa lile na hili anaziba, je ni jino lenyewe au ni hela ya mgonjwa. Muulize kuhusu meno ya plastiki, ile imani ya kwamba mtoto mchanga akiharisha na kuchemka homa ni meno mabaya yako ndani ya ufizi, wanampeleka kwa mtu anayachimbua na kitu chochote chenye ncha, mtoto anaambukizwa na wengine wanakufa. Ukipata nafasi panda Arusha uone meno ya kahawia ya watu waliokulia kwenye maji yenye floridi nyingi, ndo utaelewa kwa nini WHO imeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Na ile njia ya ART, ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono bila umeme wala mashine ya kukereza, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 80 na leo inafundishwa duniani. Wenzako hao wenye baba madaktari sidhani kama wamewahi kuisikia. Na picha za midomo ya wagonjwa usipige, achilia mbali kupost.

Turudi Houston, maana masaa yako mengi lazima yawe huko huko, shule zinataka zijue kwamba umeona kazi inavyofanyika Marekani. Shule nyingi zinataja kama masaa 100 hivi, nyingine hazisemi namba kabisa, na wanapenda mengi yawe kwa daktari wa meno wa kawaida, sio yote kwa yule wa kunyoosha meno na braces. We hujaenda popote bado una muda, nusu siku moja kwa wiki tu mwaka ukiisha umeshapita hapo.

Imeili achana nazo. Kwenye ofisi ya meno anayeamua mara nyingi sio hata daktari, ni meneja wa ofisi, na imeili ya mtu asiyemjua anaifuta kabla ya chai. Anza na daktari anayekusafisha meno yako wewe na mama yako, hata kama mmeenda mara moja, tayari una faili pale. Vaa vizuri, nenda mwenyewe muda ambao hawajajaa, omba nusu siku MOJA. Usiombe masaa 100 mlangoni utawatisha. Sema mapema kwamba utasaini karatasi ya siri za wagonjwa, ile ya HIPAA, na kwamba umechanja homa ya ini B. Hiyo chanjo ya kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita kwa hiyo kama huna kadi anza wiki hii. Ukishamaliza nusu siku ndo unauliza naweza kurudi lini, na ukiona mambo mazuri unaomba akuunganishe na mwenzake mwingine, hivyo ndo madaktari wanavyopeana watu. Hapo hapo mjini kuna shule ya meno ya UTHealth, ipo toka 1905, watafute wanafunzi wao, walipita njia hiyo hiyo juzi tu na hawana maringo.

Ukiwa ndani kaa unapoambiwa, usizungumze na mgonjwa wakati daktari ana sindano ya ganzi mkononi (mtanishukuru), na ukitoka andika jioni hiyo hiyo tarehe, masaa, ulichoona na kilichokushangaza. Fomu ya maombi itakudai hayo yote, na bila daftari utaanza kubuni. Vilevile daktari mmoja akuzoee vya kutosha aweze kukuandikia barua. Mtu uliyemtembelea mara moja ataandika mistari miwili ya huyu binti ni mzuri, haikusaidii kitu.

Kujitolea ni kitu kingine, usichanganye masaa yake na ya shadoing. Na si lazima iwe meno. Ila kama unataka meno, kuna Texas Mission of Mercy, wanatibu watu bure, na kuna RAM, yaani Remote Area Medical, shirika la matibabu ya bure lililoanza 1985 makao yake Tennessee, wanazunguka majimbo. Kwenye kliniki za RAM geti la parking linafunguliwa usiku wa manane na watu wanalala kwenye gari kusubiri namba, Marekani hiyo hiyo tunayoisikia. Wanahitaji watu wa kupanga foleni, kusafisha vifaa, kumsindikiza mzee kwenye kiti, hakuna anayekuuliza digrii. Februari kuna Give Kids A Smile ya watoto, chama cha madaktari wa meno cha Marekani kimeifanya ya taifa zima toka 2003.

Na Kiswahili chako mbona hukukitaja? Wakongomani waliokuja kama wakimbizi wengi hapo Texas wanaongea Kiswahili na wanaogopa kiti cha meno kama kaburi. Ila usijitokeze tu kutafsiri kwa sababu unaijua lugha, habari za dawa na ridhaa ya mgonjwa zinataka mkalimani aliyefundishwa. Kuna mafunzo ya masaa 40, ndo kiwango cha chini cha kuombea cheti cha ukalimani wa hospitali. Fanya hayo halafu uone milango.

Ile kazi ya bohari usiione aibu, iandike, fomu ina sehemu yake ya ajira kabisa. Fomu inafunguliwa Mei na inaanza kupokelewa wiki chache baadaye, na shule nyingi zinaita watu kwa jinsi maombi yanavyoingia, kwa hiyo kungoja Septemba ni kujichelewesha bure.

SWALI: Anti habari, nimemaliza form six PCB niko Dodoma nasubiri matokeo. Nataka DDS, yaani digrii ya udaktari wa meno, Muhimbili. Na mimi natakiwa kuwa na masaa ya kujitolea? – Kijana wa Dodoma

JIBU: Hapana, huku wanaangalia ufaulu wako wa Fizikia, Kemia na Biolojia, unaomba chuo moja kwa moja. Lakini kozi ni miaka mitano na mwaka wa intaneshipu juu yake, na wapo wanaoichagua kwa sababu MD, ule udaktari wa kawaida, imejaa halafu mwaka wa tatu ndo wanagundua hawawezi kuvumilia harufu ya jino lililooza. Sasa hivi uko nyumbani huna la kufanya, nenda kitengo cha meno hospitali iliyo karibu, omba kwa mganga mfawidhi uruhusiwe kuangalia wiki moja. Beba barua ya serikali ya mtaa, na viatu vya kufunika, maana huko wanasimama kutwa.