Kipaji Kisichothaminiwa Nyumbani

SWALI: Mtoto wa kaka yangu, msichana wa darasa la sita hapa Busia, Uganda, hupiga hesabu za duka la mama yake kichwani kabla mteja hajafungua pochi, na juzi alifungua redio iliyokufa, akaiunga, ikasema. Baba yake hucheka tu: "Kichwa kikubwa hakiteki maji." Siku hizi mtoto amenyamaza. Nifanyeje?

JIBU: Shangazi, usimkosoe kaka yako mbele ya watoto, kwani akishaona heshima yake inaguswa hatasikia hoja yoyote. Mara nyingi dharau ya namna hii huficha hofu ya karo. Basi mkumbushe kwamba tangu mwaka 2007 Uganda ina mpango wa elimu ya sekondari bila ada katika shule zilizomo, ingawa sare na chakula, tusidanganyane, vinabaki kwa mzazi. Mweleze pia habari za Phiona Mutesi, aliyeuza mahindi Katwe, Kampala, akajifunza sataranji, na mwaka 2010 akaichezea Uganda katika Olimpiadi ya mchezo huo nchini Urusi.

Kunyamaza kwa mtoto ndiko kunakonitia shaka kuliko maneno ya baba. Mwite kwako Jumamosi, umpe redio nyingine mbovu na bisibisi, umwulize anafanya nini na kwa nini, na umsikilize hadi mwisho bila kumlinganisha na ndugu zake. Mwalimu wake wa hesabu naye azungumze na baba. Neno la mwalimu huwa na uzito ambao la dada halina.