Wimbo Kwanza, Studio Baadaye

Huu ni mwaka wa tisa natunga nyimbo zangu na kuziimba mwenyewe, bila lebo nyuma yangu. Wanaoanza huniuliza sana kuhusu studio: maikrofoni gani, prodyuza gani, biti itoke wapi. Nami huwauliza kwanza kama wimbo wanao. Nauliza kwa nia njema, maana mimi nilipoteza karibu miaka minne kwa kutojua kwamba wimbo ni kitu kimoja na rekodi yake ni kitu kingine.

Wimbo ni maneno na mahadhi, kile ambacho mtu anaweza kukiimba akiosha vyombo. Rekodi ni siku moja tu ambayo wimbo huo uliimbwa ukanaswa. Mimi nilikuwa naingia studio na mistari sita, nikitegemea biti inimalizie kazi. Nilikuwa natoka na rekodi inayong'aa, lakini nikiombwa kuimba mahali pasipo na spika sina cha kuimba.

Aliyenifumbua macho ni Tracy Chapman, mwimbaji na mtunzi wa Marekani. Tarehe 11 Juni 1988, katika tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela kwenye uwanja wa Wembley, London, alikuwa amekwisha kuimba sehemu yake. Stevie Wonder alipokuwa karibu kupanda, ikagundulika kwamba diski yenye sauti za kinanda chake haipo. Chapman akaitwa tena jukwaani, peke yake na gitaa, mbele ya uwanja uliojaa na mamilioni waliokuwa wakitazama televisheni. Albamu yake ya kwanza ilikuwa na miezi michache tu. Kila ninapotazama video ile nazitazama nyimbo zenyewe: hazikuhitaji kushikwa mkono na chochote.

Sisemi kila mtu ashike gitaa. Kuna muziki ambao mdundo ndio roho yake, na huo nauheshimu sana. Lakini kama unataka kuitwa mtunzi, lazima kitu kibaki pale umeme unapokatika.

Basi nikampenda Chapman kupita kiasi. Mwaka mzima niliimba nyimbo zake hadi sauti yangu ikawa inashuka pale yake inaposhuka. Siku moja rafiki yangu alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwa upole: "Umeimba vizuri. Ila nimemsikia yeye, wewe sijakusikia." Iliniuma, lakini alikuwa amesema kweli.

Tangu hapo, wasanii ninaowapenda huwasoma kama fundi anavyofungua redio. Kila wiki wimbo mmoja, kwa kalamu na daftari. Naandika nani anasema na anamwambia nani. Nahesabu mistari ya ubeti. Naangalia kiitikio kinaingia baada ya muda gani, na kinarudi kilekile au kila kikirudi kimebeba maana mpya kwa sababu ya ubeti uliotangulia. Natafuta jambo ambalo mtunzi amelificha hadi ubeti wa tatu. Nikimaliza, nachukua umbo na kuiacha sauti kwa mwenyewe. Halafu nachanganya: mwalimu mmoja wa maneno, mwingine wa mahadhi, wa tatu wa namna ya kukaa jukwaani, na nahakikisha hawafanani hata kidogo. Ukiwa na mwalimu mmoja utakuwa kivuli chake.

Jambo moja nililijua kwa kuchelewa, na silisikii likizungumzwa sana na tunaoimba kwa Kiswahili. Maneno yetu karibu yote hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi za Kiingereza humalizia mstari kwa silabi yenye mkazo, ndefu, iliyoinuliwa juu. Ukiyachukua mahadhi hayo ukayapachika maneno ya Kiswahili, neno linateguka. Nilikuwa na mstari unaoishia na "nimeisoma". Noti ndefu ilikuwa inaangukia "ma", kwa hiyo neno likasikika kama la mgeni anayejifunza lugha. Nikaisogeza noti ile hadi kwenye "so", "ma" ikashuka taratibu nyuma yake, na mstari ukapumua. Neno sikuligusa.

Mara nyingine maana yenyewe hupotea. Niliwahi kuimba "nimekujua barabara", nikikusudia kwamba nimekujua sawasawa, ambapo mkazo hukaa kwenye "ra" ya kwanza. Mahadhi yangu yaliuvuta hadi kwenye "ba" ya pili, ikawa barabara ya kupita magari. Baada ya shoo mzee mmoja alinisubiri mlangoni. "Mwanangu, hiyo barabara uliyoimba ni ipi?" Alikuwa anauliza kweli, kwa sababu alisikiliza kila neno. Nilimshukuru, na usiku uleule nikaurekebisha mstari. Siku hizi, kabla ya kuimba, nausema kila mstari kama ninavyouzungumza na kupigia mstari silabi yenye uzito. Washairi wetu waliohesabu mizani kumi na sita, nane kwa nane, walikuwa wanajua wanachofanya.

Sasa karatasi. Najua hapa wengi huchoka, lakini hapa ndipo nilipoumia zaidi.

Wimbo na rekodi ni mali mbili. Wa kwanza ni wa aliyetunga, ya pili kwa kawaida ni ya aliyegharamia kurekodi, isipokuwa mmekubaliana vingine. Niliwahi kutunga wimbo nyumbani, nikaenda kwa prodyuza, tukacheka, tukarekodi, tukaagana. Hatukuandika chochote. Miaka miwili baadaye kampuni moja ikataka kuutumia kwenye tangazo. Prodyuza akadai nusu ya utunzi, kwa kuwa ndiye aliyebuni ile sauti ya kinanda inayoanza. Labda alikuwa na haki ya sehemu fulani, sijui kwa kweli, kwa sababu hatukuwahi kulizungumza. Kampuni iliona mvutano ikaenda kwa msanii mwingine. Pesa nilizozikosa niliweza kuzisahau. Urafiki ule bado naukumbuka.

Kwa hiyo andikeni siku hiyohiyo, kabla hamjatoka studio, wakati bado mnapendana. Jina la wimbo, nani katunga maneno na asilimia ngapi, nani katunga mahadhi na asilimia ngapi, rekodi ni ya nani, sahihi, tarehe. Ukurasa mmoja unatosha. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hakimiliki huanza pale kazi inapoumbwa, bila sharti la kusajili. Ila mirabaha, yaani malipo ya kazi yako inapotumiwa, haimtafuti mtu asiyejulikana: utunzi usajili kwenye chama cha kukusanya mirabaha, na rekodi iwe na namba yake ya ISRC, namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, yenye tarakimu na herufi 12, ambayo msambazaji wako wa mtandaoni anaweza kukupa.

Ukitaka kuona thamani yake, rudi kwa Chapman. Mwaka 2023 Luke Combs, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani, aliurekodi upya "Fast Car", wimbo uliotoka 1988. Rekodi ilikuwa ya Combs, lakini utunzi ulibaki wa Chapman peke yake. Mwaka huohuo, Chapman akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Wimbo Bora wa Mwaka katika tuzo za CMA, tuzo za muziki wa country za Marekani. Hiyo ni tuzo ya mtunzi, na aliipata miaka 35 baada ya kuutoa.

Kuhusu kuachia wimbo nitasema machache. Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, wanataka wimbo utumwe kwa wahariri wa orodha zao za nyimbo angalau siku saba kabla haujatoka. Mimi hujipa wiki nne, ili kosa la jina au picha lipate muda wa kurekebishwa. Na tangu 2024, rekodi isiyofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 hailipwi pale. Usijenge maisha yako juu ya namba hizo. Kwangu, waliokuza kazi hii ni watu thelathini waliokaa kwenye viti vya plastiki wakasikiliza kimya. Nilikuwa naweka daftari mezani, anayetaka kujua shoo inayofuata anaandika jina na namba. Waliorudi walirudi na wenzao. Baada ya mwaka wa tano nikaanza kulipwa ada badala ya nauli, na wengi walionilipa walinipata kupitia mtu wa daftari lile.

Wiki hii nina wimbo mpya wenye ubeti mmoja na nusu. Kiitikio kimekataa kukaa, kwa sababu neno ninalolitaka lina mkazo mahali ambapo mahadhi hayataki. Nauimba nikitembea, asubuhi na jioni, bila ala yoyote. Prodyuza sijampigia bado.