Katriji “inachukua nafasi ya” RAM au “inaifunika”?

SWALI: Ninafasiri maelezo ya Commodore 64 kwa ajili ya wenzangu wanaopenda kompyuta za zamani, pamoja na katriji zake, yaani visanduku vya programu vinavyochomekwa. Nimeandika: “Katriji ikichomekwa, inachukua nafasi ya RAM kuanzia anwani 32768 hadi 40959.” Anayenihariria anasema sentensi inapotosha. Mimi naiona sawa. Tena hatuelewani kama katriji “imepangwa” au “imepangiwa” anwani hizo. Tusaidie.

JIBU: Mhariri wako ana haki, ndugu msomaji. Kasoro yenyewe imo katika neno dogo “ya”.

“Kuchukua nafasi” ni kujaza mahali: kabati hili linachukua nafasi kubwa. Ukiongeza “ya” na kutaja mwenye nafasi, maana inageuka, sasa kuna aliyeondoka na aliyekuja kushika mahali pake: naibu alichukua nafasi ya mkurugenzi aliyestaafu. Kwa hiyo anayesoma sentensi yako ataelewa moja kati ya mawili. Ama atadhani yaliyomo kwenye katriji yamemiminwa ndani ya RAM (kumbukumbu inayosomwa na kuandikwa) na kuijaza, ama atadhani RAM imeng’atuka. Katika Commodore 64 hakuna hata moja kati ya hayo linalotokea.

Tuitazame mashine yenyewe, maana kitenzi hakichaguliki kabla ya kujua kinachotendeka. Prosesa yake, 6510, ina nyaya 16 za anwani (namba ya kila mahali katika kumbukumbu), hivyo inaweza kutaja anwani 65,536 tu, kuanzia 0 hadi 65535. Kompyuta hiyo, iliyotoka mwaka 1982, ina RAM ya KB 64, kiasi kinachotosha kabisa kumaliza anwani zote. Lakini humohumo imo pia ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu) ya BASIC, lugha ya programu, kuanzia 40960 hadi 49151, na ROM ya KERNAL, programu ya kuendesha mashine, kuanzia 57344 hadi mwisho. Anwani moja, basi, ina wenyewe zaidi ya mmoja, na iko chipu iitwayo PLA ambayo kazi yake ni kuamua nani aitike prosesa inapoita.

Katriji huzungumza na PLA kwa nyaya mbili, EXROM na GAME. Katriji ya KB 8 huunganisha EXROM na ardhi ya umeme (volti sifuri) na kuiacha GAME ilivyo. Hiyo inatosha: tangu hapo prosesa ikisoma popote kati ya 32768 na 40959, anayejibu ni ROM ya katriji. Ila prosesa ikiandika mahali hapohapo, kinachoandikwa kinapita na kutua kwenye RAM iliyo chini. Kusoma kunakwenda kwa mmoja, kuandika kunakwenda kwa mwingine.

Athari yake inaonekana kwenye skrini. Commodore 64 ikiwashwa bila katriji hutangaza baiti 38911 kwa ajili ya BASIC. Chomeka katriji ya KB 8 isiyojiendesha yenyewe, uiwashe tena, utaona 30719. Tofauti ni 8192, yaani KB 8 kamili. KERNAL hupima RAM kwa kuandika thamani fulani kwenye anwani, kisha kuisoma. Ikirudi ileile, husogea mbele. Ikifika 32768 inaandika, RAM ya chini inapokea, lakini inaposoma inajibiwa na katriji kwa thamani nyingine kabisa. KERNAL inahitimisha kwamba RAM imeishia hapo. RAM haikuondoka, wala haikujazwa kitu na katriji. Haionekani tu. (Katriji za michezo kwa kawaida hazikuonyeshi hesabu hii, kwa sababu KERNAL kabla ya kupima chochote hukagua baiti tano kuanzia 32772, na ikikuta pameandikwa CBM80 huikabidhi katriji uendeshaji palepale.)

Kitenzi cha hali hii Kiswahili tunacho, nacho ni kufunika. Kilichofunikwa kipo, kimezuiliwa kuonekana tu. Nakipenda zaidi ya “kuziba” au “kuficha” kwa sababu kina mwenzake wa kukitengua: kufunika na kufunua. Ni jozi za -ika na -ua ambazo lugha yetu imejaliwa, kama kuanika na kuanua, kubandika na kubandua. Na tazama jinsi jozi nyingine ya namna hiyohiyo, kuchomeka na kuchomoa, inavyoitosha katriji yenyewe. Ukiwa na jozi hizo mbili unaweza kusema jambo ambalo sentensi yako ya kwanza ilikuwa haiwezi: kwamba programu inaweza kuifunua RAM bila mtu kuichomoa katriji. Biti ya chini kabisa ya anwani 1 ikiwekwa 0, katriji ya KB 8 inanyamaza, ROM ya BASIC nayo inanyamaza, na RAM ya chini inasomeka. Nayo chipu ya picha, VIC-II, haifunikiwi na katriji hapo: umbo lililoandikwa kwenye RAM kuanzia 32768 italichora ingawa prosesa hailioni.

Kuhusu kupangwa na kupangiwa, sema imepangiwa. Mwalimu hupangiwa shule, daktari hupangiwa kituo. Kauli ya kutendea hutuonyesha kwamba yeye ndiye aliyepewa mahali. “Katriji imepangwa” inaleta picha ya katriji zilizowekwa safu kwenye rafu. Nimewahi kuona pia “katriji imechorewa ramani kwenye kumbukumbu”, na hiyo naomba tuiache kabisa, kwa kuwa hakuna anayechora chochote. “Ramani ya kumbukumbu” kama jina la jedwali linaloonyesha nani anakaa wapi haina ubaya. Sentensi yako, basi, naiandika hivi: “Katriji ya KB 8 imepangiwa anwani 32768 hadi 40959, ikichomekwa, inaifunika RAM iliyo hapo isisomwe, ingawa bado inaandikika.”

Ukifika kwenye katriji kubwa utahitaji kitenzi kingine. Ziko za KB 128, na dirisha lake, yaani anwani inamoonekana, ni la KB 8 tu, kwa hiyo yaliyomo yamegawanywa vipande 16. Programu ikiandika namba ya kipande kwenye anwani 56832, kipande hicho ndicho kinachoonekana dirishani, kile cha awali kinajitoa. Wengi huandika “kubadilisha vipande”, nami siridhiki nayo, kwa sababu kipande chenyewe hakibadiliki hata baiti moja. Andika kwamba vipande hupokezana anwani. Kupokezana kunabeba zamu ndani yake, na wote wanabaki walivyo.

Usikichukue kitenzi kufunika ukakipeleka kwenye kila mashine, hata hivyo. Kompyuta za MSX, mfumo uliotangazwa mwaka 1983 na kufika mpaka Kuwait kwa jina la Sakhr, zina mpango tofauti. Anwani zote zimekatwa kurasa nne za KB 16, na kila ukurasa huchaguliwa utoke tundu lipi kati ya matundu manne. Ukurasa wa 16384 hadi 32767 kwa kawaida unatoka tundu namba 0, lenye BASIC. Mashine ikiuelekeza kwenye tundu la katriji, kusoma kunakwenda kwenye katriji na kuandika pia kunakwenda kwenye katriji. Hakuna kinachopenya kwenda chini, kwa kuwa hakuna chini. Hapo BASIC imetoka kweli kwenye ukurasa huo na katriji imekuja kushika mahali pake. Kwa hiyo ukija kufasiri maelezo ya MSX, “katriji inachukua nafasi ya BASIC” ni Kiswahili sahihi na ni ukweli wa mashine, na mhariri wako akikikata, mrudishie.